Maziwa Yaliyoingia Baridi

Tangu asubuhi jibu la mtuhumiwa lilikuwa lile lile.

"Nilikuwa nakamua."

"Mpaka wakati gani?"

"Mpaka giza lilipoingia. Nikaosha vyombo, nikala, nikalala."

"Nani alikuona?"

"Ng'ombe."

Koplo, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliguna. Inspekta hakuguna wala hakucheka. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi, na kituoni walimwita Bi Taratibu. Wakubwa wake kwa kulalamika, wadogo kwa mapenzi. Aliweza kurudia swali moja mara nne bila kupandisha sauti, na watu wengi walianza kusema kweli kwenye ile mara ya nne. Huyu wa leo alishapita mara ya nne, na bado alikuwa anakamua.

Barabarani kwao walimjua kwa jina la Kocha. Zamani aliwafundisha mpira watoto wa majirani, mpaka majirani wenyewe walipoanza kufungasha na kuondoka na watoto wao. Timu ikafa, jina likabaki. Alikuwa na ng'ombe wachache wa maziwa, mama mjane, na mkataba na Kampuni iliyonunua maziwa ya eneo lile, na kwa jinsi mambo yalivyokuwa, kesho yake angesomewa shtaka la kuua.

Aliyekufa alikuwa mkaguzi wa Kampuni. Wakulima walimbandika jina la Bwana Kipimo, kwa sababu hakuwahi kuingia zizini bila kipimajoto mkononi. Juzi jioni aliaga kwake kwamba anapita mahali kidogo, na hakurudi. Jana asubuhi Kocha mwenyewe alipiga simu polisi: kuna mtu ndani ya kisima cha zamani, kule chini ya shamba. Polisi walipofika alisema alikuwa ameondoa mbao zinazofunika kisima ili achotee ndama maji, ndipo akaona kiatu kinaelea. Mbao zilikuwa mahali pake, alisema, na majani makavu juu yake kama kawaida.

Maneno hayo ndiyo yaliyomtia ndani. "Mtu aliyetumbukia hajifuniki," Koplo alisema pale pale kisimani, na hakuna aliyempinga.

Inspekta alisogeza mfuko wa nailoni katikati ya meza. Ndani yake kulikuwa na kipimajoto kirefu kilichofungwa kamba nyembamba.

"Kwenye mkutano wa wakulima ulimwambia marehemu maneno gani?"

"Mnayajua."

"Nataka kuyasikia kwako."

Kocha alishusha pumzi. "Nilimwambia hicho kipimo chako utazikwa nacho. Nilikuwa na hasira. Alikuwa anatusomea majina ya watu wanaotakiwa kuongeza tangi la kupozea."

"Kipimo hiki tulikikuta chini, kwenye matope, tulipokausha kisima. Kifuniko chake kilikuwa kwenye mfuko wa shati lake, kimewekwa vizuri. Mtu anayepigana hapati nafasi ya kuweka kifuniko mfukoni. Alikuwa anapima nini kwenye kisima chako, Kocha?"

Kocha aliutazama mfuko ule, kisha akaangalia dirishani. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alichelewa kujibu.

"Nilikuwa nakamua," alisema.

Katika chumba cha pili alikuwa akisubiri fundi wa Kampuni, kijana nadhifu mwenye sare ya bluu na kompyuta bapa mapajani. Meneja wa eneo ndiye aliyemtuma. Alikuwa na ushahidi, na alitaka kuutua mzigo wake aende zake.

"Maziwa yakitoka kwa ng'ombe yana joto la mwili," alieleza. "Yakiingia kwenye tangi, joto la tangi linapanda, na mashine inaanza kuvuta umeme kuyapoza. Kila tangi letu linatuma taarifa ofisini. Kwenye mchoro unaona kilima. Mkamuo mmoja, kilima kimoja. Sasa angalia kwa Kocha, juzi jioni."

Inspekta alishusha miwani puani. Mstari ulikuwa umelala, una kivimbe kidogo tu mahali pamoja.

"Hakuna kilima," fundi alisema. "Maana yake hakukamua. Alikuwa kwingine."

"Imekwisha hiyo," Koplo alinong'ona, akaanza kufunga daftari lake.

"Nionyeshe jioni iliyotangulia," Inspekta alisema.

Fundi alisita. "Niliambiwa nilete ya juzi."

"Na nani?"

"Meneja."

"Mimi nakuomba ya jana yake."

Fundi alisogeza kidole kwenye kioo. Mstari ulikuwa umelala. Akasogeza tena, umelala. Inspekta alimwambia aendelee, naye akaendelea kurudi nyuma wiki baada ya wiki, na kote huko mstari ulikuwa mtulivu, na vivimbe vyake vidogo asubuhi na jioni.

"Kumbe hajakamua miezi yote hiyo," Inspekta alisema. "Gari lenu lilikuwa likibeba nini kwake kila asubuhi?"

Kijana yule aliurudia mchoro kwa macho.

"Jana asubuhi lilibeba?"

"Lilibeba. Kiasi chake cha kawaida. Dereva hakulalamika."

"Kwa hiyo maziwa yaliingia."

"Yaliingia, lakini..." Fundi alijikuna shingo. "Hilo ndilo lililokuwa linamnyima usingizi marehemu. Mashamba madogo yote yanalia na umeme wa tangi. Tangi ni kubwa, maziwa yao yanalowesha chini tu, na mashine inanguruma kama limejaa. Wengi wameshindwa na umeme, si na ng'ombe. Kwa Kocha umeme unatumika kidogo mno. Tulidhani anaiba. Tulikagua nyaya, tukakuta ziko sawa. Marehemu akasema hakubali, lazima ajue."

Inspekta alirudisha miwani mahali pake. Mkuu wa kituo alikuwa ameshamwita mara mbili kumkumbusha kwamba Kampuni inapiga simu, na kwamba hati ya mashtaka inatakiwa kuwa tayari. Alimwambia Koplo alete gari.

Barabara ya kwenda kwa Kocha ilipita mageti mengi, na karibu yote yalikuwa na minyororo na vibao vya Kampuni, vipya, vyenye rangi moja. Nyuma ya mageti nyumba zilikuwa bado zimesimama, mapazia mengine yakining'inia madirishani. Koplo, ambaye kwa kawaida hakuweza kukaa kimya kutoka kona hadi kona, aliendesha bila neno.

Mama Kocha aliwapokea mlangoni mwa zizi. Alikuwa mwanamke mwembamba, ameviringisha kanga kiunoni, mikono imelowa hadi viwikoni. Aliwasalimu, akawafutia benchi kwa kiganja, akauliza kama mwanawe amekula.

"Amekula, mama," Inspekta alisema. "Nusu."

"Huyo hali akiwa na mawazo. Hata alipokuwa mdogo."

Inspekta aliomba kuonyeshwa kazi inavyofanyika, na mama yule akamtembeza. Kwanza walipita kwa ndama. Matandiko yao yalikuwa majani makavu, yamepangwa kwa mkono, mashina upande mmoja na ncha upande mwingine, utadhani mkeka. Inspekta alisimama pale kwa muda mrefu kuliko ulivyohitajika kwa kutazama ndama.

"Nani hutandika?"

"Mimi. Huyo mwanangu hutupa tu kama anamrushia mtu. Nimemsema mpaka nimechoka."

Kisha wakaingia chumba cha tangi. Lilikuwa kubwa, la chuma kinachong'aa, limebanwa na kuta pande zote. Ukuta mmoja ulionyesha dhahiri ulibomolewa kulipitisha na kujengwa upya kwa haraka. Kutoka zizini lilikuja bomba la plastiki la kupitishia maziwa, jeupe, lenye nembo ya Kampuni, mdomo wake ukining'inia juu ya kifuniko cha tangi.

Inspekta aliinama, akachungulia mdomo wa bomba. Akamwita Koplo naye achungulie.

"Utando wa buibui," Koplo alisema.

"Na buibui mwenyewe yumo. Na nzi wake wa akiba." Aligeuka. "Mama, hili ndilo bomba linaloleta maziwa?"

"Ndilo."

"Buibui huyu ameamua kuishi mtoni basi."

Mama Kocha alichukua kitambaa na kuanza kufuta kifuniko cha tangi, ambacho kilikuwa safi.

Nyuma ya jiko kulikuwa na madebe ya maziwa ya alumini, ya mikono miwili, yamepinduliwa yakauke. Kwenye mashamba mengine ya barabara ile, madebe kama hayo yaliuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu tangu matangi yalipokuja. Haya yalikuwa yameoshwa leo. Mikono yake ilikuwa imelika na kung'aa upande wa ndani, na kwenye msumari wa ukuta kulikuwa na kamba ndefu iliyolowa. Inspekta aliichukua, akainusa, akampa Koplo.

"Mtindi," Koplo alisema, akakunja pua.

"Kamba ya kuchotea maji inanukaje mtindi?"

Wakashuka kisimani. Kilikuwa mwisho wa shamba, mdomo wake sawasawa na ardhi, umezungushiwa mawe. Mbao zilikuwa zimewekwa kando na polisi wa jana. Kwenye jiwe moja la ukingo kamba ilikuwa imechimba mfereji mdogo, laini, mweupe, usio na ukoga hata chembe. Jiwe la pembeni yake lilikuwa na ukoga mzito, na katikati ya ukoga huo palikuwa na mchubuko mmoja mrefu, upana wa soli ya kiatu, ulioelekea ndani. Hapakuwa na dalili nyingine za miguu kuvutana. Chini zaidi, ukutani mwa kisima, ukoga ulikuwa umekwanguliwa kwa vidole, mahali pengi, kwenda juu.

Inspekta alikwishayaona makwaruzo hayo jana. Daktari alishamwambia pia: nyonga iliyovunjika, jeraha la kichwa, maji mapafuni, mtu huyu hakufa papo hapo. Alizimia, akazinduka wakati ambao daktari hawezi kuutaja, akahangaika. Maneno hayo yalikuwa ndani ya mkoba wake, na hakuwa ameyasema mbele ya mtu yeyote wa nyumba ile.

Walirudi kukaa kwenye benchi. Koplo alitumwa akaangalie gari, ingawa gari halikuwa na tatizo.

"Mnakamua kwa mashine," Inspekta alisema, "mnamimina kwenye madebe, mnayafunga, mnayateremsha kisimani kwa kamba. Maji ya kule chini ni baridi. Yakishapoa mnayavuta, mnayamimina kwenye tangi. Tangi linakuwa na kazi ndogo, umeme unakwenda kidogo. Mkimaliza mnafunika kisima. Nimekosea wapi?"

"Babu yake Kocha ndiye aliyekichimba," Mama Kocha alisema. "Tumepoza maziwa humo kabla huo umeme haujafika huku. Hayajawahi kuchacha. Lakini mkataba unasema kati ya ng'ombe na tangi kusiwe na chombo kingine. Ukikutwa, wanakuja kuling'oa tangi lao. Wakiling'oa, utamuuzia nani? Wale wanunuzi wadogo wote wameshafunga. Mageti umeyaona, mwanangu."

"Nimeyaona."

"Tungelipia umeme wao wote tungekuwa tumeshaondoka zamani. Hicho kisima ndicho kilichotuweka hapa."

"Na kwa nini hukuniambia jana? Mwanao anasema alikuwa anakamua, wewe unajua ni kweli."

Mama yule alitazama mikono yake. "Walipokuja kumchukua alinishika hapa, kwenye viwiko. Akasema, mama, kisima usikitaje. Hata wakuulize nini, wewe kisima hukijui. Nikaona anaogopea mkataba. Nikasema moyoni, huyu mtoto kachanganyikiwa, mkataba utamfaa nini akiwa jela? Lakini sikuwahi kumwona na macho yale. Nikanyamaza."

Inspekta alivua miwani, akaisafisha kwa ncha ya shati. Alifanya hivyo alipotaka muda.

"Ili Kocha atoke," alisema, "lazima nionyeshe kwamba maziwa huingia baridi na mstari ukalala. Na lazima nimwonyeshe mtu wa Kampuni, maana ushahidi ni wao. Ukishamwonyesha, mama, basi tena. Mkataba umekwenda."

"Mlete."

"Fikiri kwanza."

"Niliye naye ni yule mmoja. Mlete kabla ya mkamuo, ng'ombe hawasubiri."

Jioni, jua likiwa bado juu ya miti, walikuwa wote uani: fundi na kompyuta yake, Koplo, na Kocha kwenye kiti cha nyuma cha gari la polisi, pingu mkononi. Alipoona gari linakata kona ya kwao alianza kuuliza kuna nini, na Koplo hakumjibu. Alipomwona mama yake akitoka zizini na debe kila mkono aliacha kuuliza.

Mama Kocha alifanya kazi yake bila kumtazama mtu. Alimimina, akafunga vifuniko, akafunga kamba kwa fundo ambalo vidole vyake vililijua. Fundi alimpokea debe moja, kwa adabu tu, kisha ikambidi apokee na jingine. Waliyateremsha kisimani, ambako maji yalikuwa yamejaa tena, wakakaa juu ya mawe wakisubiri. Mara moja Koplo alianza kusimulia habari ya shangazi yake aliyefuga mbuzi, akaona haina mwisho mzuri, akaiacha njiani.

Madebe yalipovutwa yalikuwa yakitoa jasho la baridi. Maziwa yalimiminwa kwenye tangi. Fundi alisimama mbele ya kipimo cha ukutani, mikono nyuma. Mshale ulitikisika, ukapanda kidogo, ukatulia. Mashine ilinguruma kwa muda mfupi, ikanyamaza.

Alitazama kompyuta yake. Kivimbe kidogo, mstari umelala.

"Ni sawa na juzi?" Inspekta aliuliza.

"Ni sawa na juzi."

"Kwa hiyo juzi alikamua."

"Alikamua. Mama, mimi itabidi niripoti. Nisiporipoti wakagundua, mimi ndiye nitakayemwaga unga."

"Najua, baba. Ripoti. Ila uwaambie na hilo la pili, kwamba hayajachacha hata siku moja."

Inspekta aliashiria, Koplo akamteremsha Kocha garini. Alikuwa amepauka. Koplo alitoa ufunguo wa pingu, akauzungusha mkononi, lakini hakufungua. Alikuwa mtu wa maneno mengi, si mpumbavu.

"Inspekta, mimi nimeona kwa macho yangu. Alikuwa anakamua. Marehemu alikuja baadaye, akafungua mwenyewe, akapima, akateleza. Sawa. Lakini mtu aliyetumbukia hajifuniki."

"Hajifuniki," Inspekta alikubali, akamtazama Kocha.

Kocha alisema kwa haraka, kama aliyekuwa ameyashikilia maneno mdomoni: "Nilimsukuma mimi. Nikafunika. Andika hivyo, afande. Nilimaliza kukamua, nikamkuta pale, nikamsukuma."

Koplo alibaki ameduwaa, ufunguo mkononi. Mtu aliyekana siku mbili, leo amesafishwa mbele ya mashahidi, ndipo anakiri.

"Asubuhi hukusema hivyo," Inspekta alisema.

"Nasema sasa."

"Ulisimama wapi ulipomsukuma?"

"Nyuma yake."

"Majani ulitandaza wewe?"

"Mimi."

Inspekta alitoa picha mkobani, iliyopigwa jana Kocha mwenyewe alipowaonyesha polisi wa kwanza jinsi alivyokuta, baadhi ya mbao zikiwa bado hazijaguswa. Majani juu ya mbao hizo yalikuwa yamelala mashina upande mmoja, ncha upande mwingine. Hakumwonyesha mtu mwingine ila yeye, na aliishika karibu na kifua chake.

"Wewe hutupa tu," alimwambia kwa sauti ya chini. "Hata mimi nimeambiwa. Uliyaona jana asubuhi kabla hujaondoa ubao hata mmoja. Kisha ukaona makwaruzo. Ndipo ukapiga simu."

"Mama," Kocha alisema, na hakuwa akimwambia mama yake. Alikuwa akimwambia Inspekta. "Mama, nakuomba. Andika mimi."

Lakini Mama Kocha alikuwa ameshasogea, anajifuta mikono kwenye kanga.

"Anasema amefunika nani?" aliuliza. "Wewe ulifunika lini? Juzi uliziacha wazi. Nilizifunika mimi."

"Mama, nyamaza."

"Ninyamaze nini na wewe unajitia kitanzi? Afande, nisikilize mimi. Nilikuwa nafungia ndama, giza limeshaingia, nikakuta mbao ziko kando. Nikasema ameziacha tena. Hilo ni gomvi letu la kila siku, maana ndama wakitoka, au mtu wa Kampuni akipita, itakuwaje? Nikataka kumwita nimseme. Nikaona alivyochoka siku hiyo, nikasema leo nimwache. Nikazirudisha mbao, nikatandaza majani, nikaenda zangu ndani. Sasa yeye anafunika..."

Mikono yake iliyokuwa ikijifuta ilisimama ndani ya kanga.

Kocha alipiga hatua kwenda kwake, pingu zikalia. "Sikuziacha wazi, mama," alisema. "Nilifunika. Ni yeye aliyefungua."

"Alikuwa humo?"

"Alikuwa ameshakufa."

"Umejuaje?"

"Alikuwa ameshakufa, mama. Alipiga kichwa. Muulize afande."

Mama yule aligeuka kwa Inspekta. Wote wanne walikuwa wakimtazama sasa: Koplo, fundi aliyesimama mlangoni mwa chumba cha tangi, mama, na Kocha, ambaye macho yake yalikuwa yakiomba waziwazi, bila aibu. Ni mtu aliyekuwa tayari kufia jela ili swali hili lisiulizwe. Inspekta alimwonea huruma, na alijua kwamba yaliyomo mkobani mwake yatasomwa mahakamani siku moja, kwa sauti, na mtu asiyemjua mama huyu.

"Daktari hawezi kusema ni wakati gani, mama," alisema. "Alizimia. Pengine hakukusikia hata ulipopita."

"Lakini hakufa pale pale."

Inspekta aliubana mkoba wake kwapani.

"Sikuita," Mama Kocha alisema. "Mbao zi wazi, na mimi sikuita. Ningeita tu, basi."

Kocha alikaa chini, pale pale uani, akaficha uso katika mikono iliyofungwa. Koplo aliinama, akafungua pingu, akabaki nazo mkononi bila kujua aziweke wapi.

Mama Kocha hakulia. Alisema atakwenda kuandika maelezo, ila wamwache kwanza amalize ng'ombe wawili waliobaki. Walishaanza kulia zizini. Inspekta alikubali. Kocha alitaka kumsaidia, akamkatalia kwa kichwa, akakamua mwenyewe. Safari hii hakushusha debe kisimani. Alilibeba moja kwa moja hadi kwenye tangi, akamimina, mvuke ukimgusa uso. Mshale ulipanda, ukaendelea kupanda, na mashine ikaanza kunguruma kwa nguvu zake zote. Kwenye kompyuta ya fundi kilima kilikuwa kinaota. Fundi aliifunga kompyuta na kuibana kwapani.

Mama alinawa, akavaa viatu vya kutokea. Badala ya kufuata njia ya gari alishuka kule chini, na wengine wakamfuata kwa mbali. Mbao zilikuwa kando, kama zilivyoachwa baada ya kuvuta madebe. Ndama mmoja aliyekuwa hajafungiwa alikuwa akinusanusa majani karibu na ukingo.

Koplo alitangulia ashike ubao.

"Acha," Mama Kocha alisema. "Nitafunika mimi."

Alimsukuma ndama kwa goti, akapiga magoti kwenye mawe. Alishika ukingo kwa mikono miwili, mmoja upande wa mfereji wa kamba, mmoja kwenye ukoga, akainamisha kichwa juu ya giza la mle ndani.

"Kuna mtu?" aliita.

Akasubiri. Alisubiri hadi Kocha akageuza uso pembeni, na hakuna aliyemharakisha.

Kisha akavuta ubao wa kwanza.